Mdharau Mwiba: Sayansi ya Ukucha Ulioumia na Huduma Yake Nyumbani

Kabla jua halijachomoza juu ya milima ya Uluguru, njia nyembamba zinazoteremka kuelekea mji wa Morogoro huwa zimekwisha kupata wasafiri. Wakulima hushuka na ndizi, mananasi, mboga na viungo kwa ajili ya soko, na wanafunzi nao hushuka kwenda shuleni. Mji wenyewe umo kwenye kimo cha mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali kilele cha Lupanga kinachouangalia kimepita mita 2,100, na kile cha Kimhandu, upande wa kusini, kimepita mita 2,600. Anayeishi kwenye miteremko hiyo hana budi kupanda na kushuka kila siku.

Njia zenyewe hazina huruma. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga mabega ya milima na kumwaga mvua nyingi, hasa upande wa mashariki, ambako mahali pengine mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hiyo huchukua udongo laini wa njiani na kuacha wazi mizizi ya miti na ncha za mawe magumu. Hapo ndipo kidole gumba cha mguu hukutana na jiwe. Wahenga wamesema kwamba kujikwaa si kuanguka, na kwa hakika aliyejikwaa aghalabu huendelea na safari yake. Lakini kwa siku kadhaa baadaye ukucha humkumbusha jambo hilo kwa maumivu makali, hata akakosa usingizi.

Je, kwa nini jeraha dogo namna hiyo huuma kupita kiasi? Ni huduma gani inayoweza kutolewa nyumbani, nayo ni ipi isiyofaa hata kidogo? Makala hii inajaribu kuyajibu maswali hayo kwa msaada wa elimu ya viumbe, fizikia na kemia ambayo mwanafunzi wa shule ya sekondari amekwisha kuionja darasani.

UKUCHA NI KITU GANI?

Ukucha ni bamba gumu lililofanyizwa kwa protini iitwayo keratini, ambayo ndiyo pia hufanyiza nywele zetu, pembe za ng'ombe na kwato za mbuzi. Bamba hilo halina uhai. Ndiyo sababu tunaweza kulikata bila kusikia uchungu. Kilicho hai ni sehemu mbili. Ya kwanza ni mzizi wa ukucha, uliofichika chini ya ngozi nyuma ya ile sehemu nyeupe yenye umbo la hilali. Seli za hapo huzaliana, hujaa keratini, hufa, kisha husukumwa mbele na zile zinazozifuata. Sehemu ya pili ni nyama laini ambayo bamba limelazwa juu yake. Nyama hiyo imesheheni mishipa midogo ya damu na ncha za mishipa ya fahamu, yaani neva.

Chini ya nyama hiyo, milimita chache tu, pana mfupa wa ncha ya kidole. Kwa hiyo nyama laini imebanwa baina ya vitu viwili vigumu, yaani bamba la ukucha juu na mfupa chini. Msomaji auweke moyoni ukweli huo, kwa kuwa ndio ufunguo wa mambo mengi yatakayofuata.

Ukucha wa mguu hukua polepole, yapata milimita moja na nusu kwa mwezi, karibu nusu ya mwendo wa ukucha wa mkono. Hivyo ukucha wa kidole gumba cha mguu ukitoka wote, huhitaji miezi 12 hadi 18 ili uote upya kikamilifu.

KWA NINI MAUMIVU HUJA MARA MBILI?

Kila aliyewahi kujikwaa anajua kwamba maumivu huja kwa awamu mbili. Kwanza huja uchungu mkali kama wa kuchomwa sindano. Baada ya kitambo kifupi sana hufuata maumivu mazito, ya kuunguza, yanayodumu. Sababu yake ni kwamba ujumbe wa maumivu husafiri kwa nyuzi za neva za aina mbili. Nyuzi za kwanza zimevikwa ala nyembamba ya mafuta, nazo hupeleka ujumbe kwa mwendo wa mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Nyuzi za pili hazina ala hiyo. Mwendo wake ni nusu mita hadi mita 2 tu kwa sekunde.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme umbali kutoka kidoleni hadi kwenye uti wa mgongo ni mita moja. Ujumbe unaokwenda mita 20 kwa sekunde utafika kwa muda wa sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Ujumbe unaokwenda mita moja kwa sekunde utatumia sekunde nzima. Ndiyo maana mtu hupata nafasi ya kuushika mguu wake na kukunja uso kabla maumivu ya pili hayajawasili.

Tena, mtu aliyejikwaa hukisugua kidole chake bila kufundishwa na yeyote. Desturi hiyo ina maana. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba katika uti wa mgongo pana kitu mfano wa lango. Ujumbe wa mguso wa kawaida, unaosafiri kwa nyuzi nene na za haraka, waweza kulifunga lango hilo kwa kiasi fulani, ukauzuia ujumbe wa maumivu usipite wote kwenda kwenye ubongo. Ingawa nadharia hiyo imerekebishwa tangu wakati huo, kiini chake kingali kinakubaliwa. Kusugua kwa upole kando ya mahali palipoumia, si juu ya jeraha lenyewe, hutuliza kweli.

KWA NINI UKUCHA HUPWITA?

Baada ya saa chache ukucha huweza kugeuka kuwa mwekundu wa zambarau, kisha mweusi, nao huanza kupwita kwa kufuata mapigo ya moyo. Mishipa midogo imepasuka na damu imevilia chini ya bamba. Kama damu hiyo ingekuwa chini ya ngozi ya paja, ngozi ingetanuka na kuipa nafasi. Chini ya ukucha hakuna nafasi. Bamba halitanuki na mfupa hausogei, hivyo kila tone linaloongezeka huzidisha kanieneo juu ya neva. Na kwa kuwa kila pigo la moyo huleta msukumo mpya wa damu, maumivu nayo huja kwa mapigo.

Hapa fizikia inatufundisha jambo lenye faida kubwa. Mtu mzima anaposimama, mguu wake huwa chini ya moyo kwa mita 1.2 hivi. Kanieneo inayoletwa na safu ya damu ya kimo hicho hupatikana kwa kuzidisha uzito msongamano wa damu, mvutano wa dunia na kimo: 1,060 × 9.8 × 1.2, yaani paskali 12,500 hivi. Hiyo ni kama sehemu moja ya nane ya kanieneo ya hewa kwenye usawa wa bahari. Mgonjwa akilala na kuuweka mguu wake juu kidogo kuliko moyo, mzigo huo wote huondoka kidoleni. Dawa hii haina gharama yoyote, nayo inahitaji mto tu, au gunia lililokunjwa.

HUDUMA YA KWANZA NYUMBANI

Aliyeumia aketi na kukiangalia kidole chake mahali penye mwanga. Kama amevaa kiatu cha kubana, akivue mara moja, kwa kuwa uvimbe utakapokuja kukivua kutakuwa shida. Kisha hatua zifuate kwa utaratibu huu.

Kwanza, osha. Tumia maji safi yanayotiririka, pamoja na sabuni, ili kuondoa udongo na mchanga. Anayeosha naye anawe mikono kabla ya kuanza. Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kufunuafunua ili kuchungulia.

Pili, poza. Baridi huzifanya mishipa ya damu ijikaze, hivyo damu inayovuja hupungua, na pia huchelewesha ujumbe katika neva. Mwenye barafu aifunge ndani ya kitambaa, asiiweke juu ya ngozi tupu, kisha aitumie kwa dakika 10 hadi 15, mara kadhaa katika siku mbili za kwanza. Vijijini barafu ni adimu, lakini mtungi upo. Maji hupenya katika vitundu vidogo vya udongo wake na kugeuka mvuke nje, na kila gramu moja ya maji inayogeuka mvuke huondoka na joto la jouli 2,400 hivi. Kwa hiyo maji ya mtungini huwa baridi kuliko hewa iliyoyazunguka. Kitambaa kilicholoweshwa kwa maji hayo na kuachwa juu ya kidole mahali penye upepo kitaendelea kupoza kwa kanuni hiyo hiyo.

Tatu, inua mguu na upumzike, kwa sababu iliyokwisha kuelezwa.

Nne, funika. Kama ukucha umechanika au kuning'inia, usiung'oe kwa nguvu. Bamba lililobaki ni kifuniko bora cha nyama iliyo chini yake. Kata kwa uangalifu kile kipande kilicholegea tu, kwa mkasi au kikata kucha kilichosafishwa, upake mafuta mepesi ya mgando, kisha ufunge kwa bendeji au kitambaa kisafi kilichopigwa pasi. Kifungo kibadilishwe kila siku, na kila kinapolowa. Kisikazwe mno, kwa maana kidole kikifa ganzi au kubadilika rangi, kifungo kimezuia damu.

Baada ya siku mbili tatu, mtu ambaye kidonda chake kimechubuka kidogo anaweza kukiosha kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa hutoa mchanganyiko wa karibu asilimia moja, usiopishana sana na chumvi iliyomo katika damu yetu. Kwa hiyo hauwashi kama maji ya chumvi kali. Kisha kidole kikaushwe vizuri.

DAWA ZA KUTULIZA MAUMIVU

Dawa ya kwanza kufikiriwa ni parasetamoli. Mtu mzima mwenye afya hunywa miligramu 500 hadi 1,000, na kurudia baada ya saa 4 hadi 6 ikihitajika, bila kupita miligramu 4,000 kwa siku. Watoto hupewa kwa kadiri ya uzito wao, kama ilivyoandikwa juu ya chupa au kama atakavyoelekeza mfamasia. Kuzidisha dawa hii huharibu ini, na baadhi ya vidonge vya mafua vimekwisha kuchanganywa nayo. Asomaye karatasi ya dawa kabla ya kumeza hujiepusha na hatari hiyo.

Watu wengi hukimbilia aspirini. Mwaka 1971 John Vane wa Uingereza alionyesha kwamba aspirini huuzuia mwili usitengeneze prostaglandini, yaani kemikali zinazoongeza uvimbe na kuzifanya neva ziwe nyepesi kuhisi maumivu. Kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1982. Lakini kwa njia hiyo hiyo aspirini huzizuia chembe sahani zisishikamane na kuziba mishipa iliyopasuka. Kwa mtu ambaye damu ingali ikivuja chini ya ukucha, hiyo si dawa ya kuchagua. Watoto nao hawapewi aspirini bila ya amri ya daktari, kwa kuwa huweza kuwaletea ugonjwa mkali wa ini na ubongo.

ADUI ALIYEJIFICHA UDONGONI

Tumefika kwenye jambo zito kuliko yote. Katika nyumba nyingi, kidole kilichochanika hupakwa majivu, udongo, ugoro, mafuta ya taa, na hata kinyesi cha ng'ombe. Wanaofanya hivyo hawana nia mbaya. Wamerithi desturi kutoka kwa wakubwa wao, na mara nyingi kidonda hupona. Lakini hupona licha ya vitu hivyo, si kwa sababu yake.

Udongo na samadi ni makao ya vijidudu vya pepopunda. Vijidudu hivyo hujifunika ganda gumu na kuweza kukaa miaka mingi udongoni vikiwa vimelala. Mwaka 1889 mwanasayansi wa Kijapani, Kitasato Shibasaburo, alifaulu kuviotesha peke yake kwa mara ya kwanza, baada ya kutambua kwamba havistawi penye hewa ya oksijeni. Sasa tuangalie kidonda chetu: nyama iliyopondeka, chini ya bamba, tena imezibwa kwa samadi. Ni shimo lisilo na hewa, na mbegu za ugonjwa zimekwisha kupandwa humo. Sumu itokayo kwa vijidudu hivyo husafiri ndani ya neva hadi kwenye uti wa mgongo, na kwa kawaida kati ya siku ya 3 na ya 21 taya hukaza, shingo hukakamaa, na misuli ya mwili mzima hushikwa na mikazo ya kutisha. Mgonjwa anaweza kufa hata akiwa hospitalini.

Kinga ipo, nayo ni chanjo. Watoto wa Tanzania huchanjwa dhidi ya pepopunda wakiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14, na wanawake wajawazito nao huchanjwa. Hata hivyo nguvu ya chanjo hupungua kadiri miaka inavyopita. Kijana au mtu mzima aliyepata kidonda kichafu, na ambaye hakumbuki kuchanjwa katika miaka 5 iliyopita, aende zahanati akaulizie sindano hiyo siku ile ile, asingoje dalili.

NI WAKATI GANI WA KWENDA ZAHANATI?

Huduma ya nyumbani ina mpaka wake. Mtu aende akatazamwe iwapo kidole kimepinda au hakiwezi kukanyagwa, kwa kuwa huenda mfupa umevunjika. Iwapo jeraha limefika kwenye mzizi wa ukucha. Iwapo damu haikomi. Au iwapo damu iliyovilia ni nyingi na maumivu hayatulizwi kwa njia tulizotaja. Katika hali hii ya mwisho, mganga hutoboa tundu dogo katika bamba kwa chombo kilichotakaswa, damu ikatoka, na nafuu ikapatikana papo hapo. Wako wanaojaribu jambo hilo nyumbani kwa pini iliyopashwa moto. Tunashauri wasifanye hivyo. Pini ikizama kupita bamba huchoma nyama, nayo hufungua njia ya usaha kuelekea kwenye mfupa ulio milimita chache tu chini yake.

Dalili za kuoza ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua baada ya siku mbili, usaha, harufu mbaya, na homa. Vitabu vingi huongeza wekundu, lakini katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Afadhali kutumia mgongo wa mkono kulinganisha joto la mguu ulioumia na la ule mzima, na kutazama kama ngozi imevimba, inang'aa, au imezidi weusi.

Wenye kisukari, na watu ambao miguu yao imepoteza hisia kwa sababu ya ukoma au ugonjwa mwingine, wasijitibu nyumbani hata kwa jeraha dogo. Kwao kukosa maumivu si dalili ya nafuu. Ni dalili ya mlinzi aliyelala.

DOA LISILOSOGEA

Damu iliyovilia hushikamana na ukucha, hivyo husogea mbele pamoja nao. Doa lililokuwa karibu na ngozi mwezi wa Januari litakuwa limesogea milimita 4 au 5 ifikapo Aprili. Basi, doa jeusi lisilosogea, linalopanuka, au linaloenea hadi kwenye ngozi ya pembeni si damu ya kujikwaa. Yaweza kuwa saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Bob Marley, mwanamuziki wa Jamaika, alikutwa na saratani hiyo chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka 1977, na mwanzoni ilidhaniwa kuwa ni jeraha la mpira. Alifariki mwezi wa Mei 1981, akiwa na miaka 36. Tusitishike bure: ugonjwa huu ni nadra, wala kujikwaa hakuuleti, tena michirizi ya rangi ya kahawia katika kucha kadhaa ni jambo la kawaida kwa watu weusi. Lakini mwenye doa moja lisilosogea akamwone daktari mapema.

Walimu waweza kugeuza jambo hili kuwa jaribio. Mwanafunzi mwenye doa la damu katika ukucha wake apime kwa rula, kila mwisho wa mwezi, umbali kutoka kwenye ngozi hadi mwanzo wa doa, kisha achore grafu. Mteremko wa grafu hiyo ndio mwendo wa ukuaji wa ukucha wake mwenyewe.

KINGA NI BORA

Tumfikirie mkulima wa kilo 60 anayeshuka na mkungu wa kilo 30 kwenye mteremko wa nyuzi 20. Uzito wote ni newtoni 882. Sehemu yake inayomsukuma kufuata mteremko hupatikana kwa kuzidisha na saini ya nyuzi 20, ambayo ni 0.34, jibu ni newtoni 300 hivi. Kani hiyo huzuiwa na msuguano baina ya mguu na kiatu, na baina ya kiatu na njia. Kiatu kilicholegea huuacha mguu uteleze mbele, na kidole gumba hugonga ncha ya kiatu kwa kila hatua. Ndiyo sababu mtu aweza kupata ukucha mweusi bila kujikwaa hata mara moja. Basi kamba za viatu zikazwe kabla ya kuanza kuteremka, na katambuga ziwe na mkanda wa kisigino. Kucha zikatwe kwa mstari ulionyooka, si ndefu za kugonga kiatu, wala si fupi za kuingia nyamani. Na pale ambapo watu wa kitongoji hushirikiana kusafisha njia, jiwe moja lililong'olewa huokoa vidole vingi.

Wahenga walikwisha kuufupisha ujumbe huu waliposema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Ukucha ni kitu kidogo, lakini mkulima asiyeweza kushuka sokoni hupoteza mazao yake, na mwanafunzi asiyeweza kutembea hukosa masomo. Maji safi, sabuni, kitambaa, mto wa kuinulia mguu na chanjo iliyokamilika ni vitu vilivyo karibu nasi. Mwanafunzi aliyesoma haya na awaeleze jioni ya leo wale walioko nyumbani, kwa adabu na kwa sababu zake, ili samadi ibaki shambani ambako ndiko mahali pake.